Pacha Aliyesemewa na Dada Yake

Mapacha wangu walikuwa na miaka miwili na nusu, na mmoja wao alikuwa hajawahi kuniambia neno. Kusema alikuwa anasema, lakini na dada yake tu, sikioni, kwa lugha ambayo sisi wengine nyumbani hatukuielewa. Msichana ndiye aliyetuletea habari. "Anataka mumu," na mumu ilikuwa maji. "Anasema apana." "Anasema hii shati inamukwaruza." Mvulana mwenyewe alisimama nyuma ya bega la dada yake, anatutazama kwa utulivu kabisa, anangoja ahudumiwe.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani yetu pale mtaani Ngagara alisema ni wingi wa lugha: Kiswahili ndani, Kirundi uani, Kifaransa kwenye redio, mtoto hajui ashike ipi. Mwanamke ninayeuza naye vitenge soko la Jabe alinishauri nimkatishe kamba ya ulimi. Mume wangu, ambaye ni fundi wa magari, kila jioni alimtazama mwanawe kinywani, na macho yake yaliniogopesha kuliko maneno ya wale wote. Mimi nilikuwa nikivizia amekaa akicheza, halafu naangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Aligeuka kila mara. Lakini dada yake naye aligeuka, nikabaki sijui kama amesikia kelele au amemfuata dada yake tu.

Siku tuliyowapeleka kwa daktari haikuwa kwa ajili ya ulimi. Ilikuwa safari ya kawaida ya kuwapima: uzito, urefu, macho, masikio, na dawa ya minyoo. Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kuvaa tangu alfajiri. Nilimwambia abaki apumzike, akanijibu huku anafunga mtandio, "Watoto wawili, mugongo moja. Utamubeba nani, utamuacha nani?" Wiki hiyo mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani mjini, kwa hiyo tulipanda mlima kwa miguu hadi zahanati ya Gihosha. Yeye alitangulia na msichana mgongoni, mimi nyuma na mvulana, kwa sababu mvulana hakukubali kubebwa mahali asipomwona dada yake. Watoto wazito wale. Kila tulipopumzika kando ya barabara, mtu aliyewaona mapacha alisimama kutuamkia, "Mama mapasa! Muko bazima?" na mama mkwe wangu aliitika kabla yangu, kana kwamba aliwazaa yeye.

Kwenye zahanati tulikaa benchini tukangoja zamu yetu. Muuguzi alipomwita mvulana kwenye mizani, alishika gauni la dada yake na hakuliachia. Tulimvuta, tukambembeleza, tukamwonyesha picha ya twiga ukutani. Wapi! Mwishowe muuguzi akacheka, akawapandisha wote wawili pamoja, akasoma, kisha akamshusha msichana, gauni likiwa bado mkononi mwa kaka yake, akasoma tena. Akafanya hesabu yake kichwani, na hivyo tukajua kwamba yule aliyenyamaza ndiye aliyekuwa mzito zaidi.

"Chakula anakulaka," alisema mama mkwe wangu. "Maneno njo hana." Njo kwetu ni ndiyo.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, na sauti ya chini. Aliwaketisha wote juu ya kitanda, akaanza kwa kumuuliza mvulana jina lake.

"We njo nani, papa?"

Msichana akamtajia jina la kaka yake, na la kwake akaliongeza.

"Nimemuuliza yeye. Papa, uko na miaka ngapi?"

Mvulana akainama sikioni kwa dada yake. Msichana akamsikiliza vizuri, akamgeukia daktari. "Anasema ile ya kwako shingoni ni nini?"

Daktari alivua kile kifaa cha kusikilizia moyo akawapa washike, kisha akaniangalia. Hapo nilimweleza yote, pamoja na kifuniko cha sufuria. Hakunipa pole. Aliwasha kitochi, akamwangalia mtoto masikio, akamfungua kinywa, akamtazama ulimi juu na chini. Halafu akamwomba mama mkwe wangu amgeuze msichana atazame ukutani, amkumbatie hivyo. Yeye mwenyewe akaenda nyuma ya mvulana, mbali kidogo, akanong'ona hata mimi nikasikia kwa shida, "Bisikwi."

Mvulana akageuka haraka, akamtazama mikono kutafuta hiyo biskuti.

"Unaona?" daktari aliniambia. "Iko anasikia kushinda mi na we. Sasa bibi, tafazali, toka na huyu dada inje kidogo. Mumuchezeshe pale karibu na mulango."

Mlango ulipofungwa, uso wa mwanangu ulibadilika. Alinitazama mimi, nikataka kumwambia kitu, lakini daktari aliniwekea mkono kwenye goti. Mvulana akateleza kutoka kitandani, akasogea mlangoni, akanyoosha mkono. Kitasa kilikuwa juu, hakikufikika. Nje, msichana akaanza kucheka. Ni kile kicheko chake cha kujimwaga, na mimi nilijua bibi yake anampulizia mashavu, lakini mvulana hakujua. Aliweka sikio mlangoni. Kicheko kikazidi. Basi akageuka, akamwendea daktari moja kwa moja, wala si mimi.

"Fungula," alisema.

Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu mzima karibu. Nilishika ukingo wa kiti.

Daktari akajifanya hajasikia. "Nini?"

"Fungula mulango."

"Juu ya nini nifungule? Sababu ni nini?"

Akakunja uso kwa hasira, machozi yamejaa, na maneno yakamtoka yote pamoja: "Anacheka bila mi!"

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Najua tu kwamba nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimemshika mashavu, naye anahangaika kunitoka, kwa sababu hakutaka kubusiwa, alitaka mlango. Daktari akaufungua. Mama mkwe wangu, aliyeniona nikilia, aliuliza kuna nini, na kabla sijajibu mvulana akamwambia mwenyewe, "Mulinifungia!"

Vigelegele alivyovipiga mwanamke yule, nadhani vilisikika mpaka chini barabarani. Watoto wa watu wengine benchini walianza kulia. Muuguzi akaja mbio. "Bibi, hapa si arusi!"

"Ni kushinda arusi," alisema, akavipiga tena. "Alhamdulillahi! Mujukuu wangu ananigombeza!"

Tuliporudi ndani, daktari alieleza bila maneno makubwa. Masikio mazima, ulimi mzima, na akili ndiyo usiseme. Mtoto alikuwa amepata mtu wa kumsemea, akaona hakuna haja ya kujichosha. Nyumbani tumuulize kila mmoja peke yake, tungoje jibu, na tusipokee tena habari zilizoletwa na mwingine. Ili kuonyesha mfano, akamuuliza mvulana kama anataka bisikwi kweli. Msichana akafungua kinywa, "Anasema..." na kaka yake akamfunika mdomo kwa kiganja.

"Mi nasema."

Hapo msichana ndiye aliyelia. Alilia kwa mshangao kwanza, kisha kwa uchungu wa kweli, nikambeba yeye wakati wa kuteremka. Nilimwambia sikioni kwamba alifanya kazi nzuri sana, na kwamba sasa ataweza kusema mambo yake mwenyewe. Hakuonekana kuridhika. Mvulana, mgongoni kwa bibi yake, alikuwa anaonyeshwa vitu njiani na kuvitaja: gari, mbuzi, nguzo ya umeme, ambayo aliiita poteau, mutu amelala. Alivijua vyote. Alikuwa navyo muda wote huo, katika lugha tatu.

Mume wangu alirudi kutoka garaji jua likiwa bado juu, mikono imejaa oili. Tulikubaliana na mama mkwe wangu tusimwambie. Hatukuhitaji. Mvulana alimkuta mlangoni, akasimama mbele yake ametoa kifua.

"Papa, mi nilipiga dokta."

Mume wangu alibaki ameinua mikono hewani asichafue kitu.

"Muongo!" msichana akaruka kutoka mkekani. "Hakupiga! Alilia!"

"Sikulia! We njo ulilia!"

"We!"

"We!"

Mama mkwe wangu alinyanyuka kuwaamua, nikamzuia. Baba yao aliketi pale pale kizingitini na oili yake, anamtazama mwanawe kinywani.

"Ulimupiga na nini?" aliuliza.

Mvulana akafikiri. "Na mukono. Na mawe."

"Na tena?"

Akavuta pumzi, akaendelea.