Bakuli la Pili la Uji wa Kungumanga

Tangu tumzike dada yangu, watu wakija kunipa pole huisifu sauti yake. Mie humkumbuka zaidi siku aliyolewa kwa uji.

Zamani hizo za Mwingereza tulikaa Temeke, mie, yeye na mumewe aliyekuwa kuli huko Kurasini. Dada ndiye aliyekuwa akiimba katika harusi zote za mtaani, mpaka homa ilipomchukua mwanawe wa pekee, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Tangu hapo hakuimba tena, wala hakumtaja mtoto yule. Ukimtaja wewe, alichukua ndoo akaenda kuteka maji, hata kama mtungi umejaa. Niliogopa atakauka hivyo hivyo.

Jirani alipomwoza binti yake, dada alikubali kwenda, akakae tu. Asubuhi wanawake walipewa uji wenye kungumanga, kama ilivyo desturi, ili haya ziwatoke na ngoma ichangamke. Kungwi wa bi harusi mwenyewe ndiye aliyeikwangua ile kokwa sufuriani. Dada akanywa bakuli lake, akangoja.

"Somo, uji gani huu?" akauliza. "Mbona kama maji ya kuoshea mchele?"

"Tulia, shoga. Kungumanga hana haraka. Ukimsikia anapiga hodi, jua keshakaa kitandani."

Wanawake wakaangua kicheko. Dada hakutulia, akanywa la pili.

Adhuhuri macho yake yalikuwa mekundu na midomo imemkauka. Kijiko kikaanguka, akakicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi, nasema kweli. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba. Ghafla kicheko kikakatika, akashika kifua.

"Mdogo wangu, moyo unanikimbia. Nirudishe nyumbani."

Nyumba yetu ilikuwa palepale mtaani, hatua chache tu. Alitembea ameng'ang'ania kanga yangu.

"Hii si njia ya Vingunguti?"

"Dada, tumepita mlango mmoja tu."

"Usinidanganye. Tangu jana tunatembea."

Nilimlaza, nikamnywesha maji kidogo kidogo. Hapo ndipo alipoanza kumtaja mwanawe: alivyokuwa akiliita jua, alivyoogopa kuku, alivyoramba ukoko wa wali. Maneno yalitoka mfululizo, bila machozi, kama vile mtoto yuko chumba cha pili. Kisha akalala mpaka kesho yake.

Sikusoma sana, sijui kungumanga hufanya nini ndani ya kichwa cha mtu. Najua tu kwamba haikumponya. Aliamka kichwa kinamuuma, tumbo limechafuka, na uji ule hakuugusa tena maisha yake.

"Nilisema nini jana?" akaniuliza.

Ningeweza kumficha. "Ulimsema mwanao. Ulisema alikuwa akiramba ukoko wa wali."

Akaitazama ndoo, nami nikaitazama. Nilijua akiishika tu, basi, hatamtaja tena.

"Ukoko?" akasema mwishowe. "Ulevi ule! Ilikuwa tui. Nikikuna nazi, anachovya kidole, halafu ananiangalia usoni kama mtu mwema. Mwizi yule."

Akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaniambia nimsogezee mbuzi. Akaikalia, akaanza kukuna nazi ya mchana, akinisimulia taratibu, kwa akili zake timamu.