Msusi na Meli Zake Mbili

Msusi wetu wa Jules Street hana habari na umbea. Yeye anasimulia meli za Waingereza zilizogongana zamani, na wewe ukiwa umesukwa nusu kichwa huna pa kukimbilia. Meli zikikaribiana, vidole vyake vinakwenda mbio. Zikigongana anasimama, anapangusa mikono kwenye aproni, anatazama kazi yake kwenye kioo. Ile ajali ya kwenye ukungu, iliyoua watu zaidi ya elfu moja, haisimulii mtu akiwa kitini. Anapenda ile ya mwaka 1911, ya Olympic na manowari Hawke. Zilionana mchana kweupe, zikagongana hivyo hivyo, zikatoboka, na kila moja ikarudi bandarini ikielea.

Jumamosi alimweka Héritière kitini, halafu akamwita Gaudiose, wifi yake Héritière, aje amgawie rasta za kusukia. Wawili hao hawakuwa wamesemeshana tangu msiba wa mama yake Gaudiose. Gaudiose alizichambua rasta huku akiangalia robot, taa ya kuongozea magari, ikibadilika rangi.

“Sasa mama,” aliuliza Gaudiose hadithi ilipofika meli kugongana, “nani aliomba msamaha kwanza?”

“Hakuna. Walishtakiana mahakamani. Nipe rasta.”

Gaudiose alimpa. Iliyofuata aliinyoosha muda mrefu, ingawa ilikuwa imenyooka.

“Inamisha kichwa, wifi,” alisema. “Mama hakufikii vizuri.”

Héritière akainama. Msusi akashika chanuo, akaanza kuzirudisha meli bandarini.