Sindano Mpya kwa Jicho Lililobaki

Jicho langu la kushoto liliharibika nikiwa bado nafundisha. Nilidhani ni miwani. Nilipofika kwa daktari wa macho Mombasa, akaniambia ni ugonjwa wa uzeeni, unakula pale katikati pa kuonea, na kwamba hilo halitarudi. Tupiganie la kulia. Basi kila mwezi mimi na mume wangu tulipanda treni pale Voi, nikadungwa sindano ndani ya jicho hilo la kulia, tukarudi nyumbani.

Watu huniuliza kama inauma. Hapana, kuna dawa ya ganzi. Kinachotisha ni kuambiwa, "Tazama juu, usitikisike," na wewe unajua ni kwa nini.

Mwaka wa pili, nikichambua maharagwe sebuleni, nikaona fremu ya mlango imepinda. Nikapepesa. Bado imepinda. Sikumwambia mtu. Daktari alikuwa amenipa karatasi ya miraba nijipime nayo kila siku, nasi tulikuwa tumeibandika jikoni. Nikaanza kupita jikoni nikiangalia upande mwingine.

Mume wangu ndiye aliyenishika.

"Umemimina chai mezani."

"Mkono umeteleza."

"Si mkono. Simama hapa mbele ya karatasi. Funika lile bovu, uniambie unaona nini."

Mistari ilikuwa imejikunja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.

Daktari alitazama picha ya jicho kwa muda mrefu. "Majimaji yamerudi nyuma ya jicho, mwalimu. Dawa hii haiyazuii tena. Nataka tubadilishe."

"Na hiyo mpya ikinidhuru?"

"Wengi hawapati shida. Wachache, jicho huvimba kwa ndani. Ukiona wekundu, maumivu, mwanga ukikuchoma, au kuona kukipungua, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo."

"Nikikataa?"

"Majimaji hayatakungoja."

Niliomba dakika chache, nikatoka kwenye korido. Ile dawa ya zamani nilikuwa nimeshaizoea. Hii sikuijua, na nilitakiwa kuipa jicho langu la pekee. "Ninalo moja tu," nilimwambia mume wangu. Nilitegemea anipe moyo kama kawaida yake. Akasema, "Najua. Hata mimi naogopa." Sijui kwa nini, lakini maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha ndani.

Siku ya tatu baada ya sindano, mume wangu alikuwa amepanda mlimani Chawia kuangalia shamba. Nikanawa uso, nikajitazama kwenye kioo. Pembe yote ya jicho ilikuwa nyekundu, damu tupu. Nilimpigia simu, sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Keti chini," akasema. "Nashuka sasa hivi."

Sikuketi. Nilifumba macho nikaanza kutembea nyumbani mwangu. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni. Kumi na moja hadi kwenye mfereji. Nikapapasa masufuria, nikapapasa kiberiti, nikajigonga goti kwenye kiti nilichokinunua mwenyewe. Nilikuwa najifunza upofu kabla haujafika, na nilipofumbua macho nilijikuta nasali bila kutoa sauti. Mume wangu alinikuta nimesimama katikati ya chumba, nimeshika ukuta.

Tulishuka Mombasa kwa basi. Njia nzima nilifunika jicho bovu na kusoma mabango kwa sauti, nikihakikisha bado yapo. Mume wangu hakuninyamazisha, ingawa abiria walikuwa wanatugeukia.

Daktari alimulika, akachungulia, akamulika tena. "Ni mshipa mdogo umevuja hapo sindano ilipoingia," akasema. "Ni juu juu tu. Ndani ni safi. Wekundu utaisha wenyewe."

Nililia mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanisogezea tishu.

Baada ya sindano tatu za dawa mpya, picha ilionyesha majimaji yamepungua sana. Hayakuisha. Herufi kubwa za gazeti nazisoma, na nyuso za watu nazitambua wakikaribia. Daktari alifurahi. "Sasa tunaweza kuongeza nafasi kati ya sindano. Rudi baada ya wiki sita badala ya nne."

Ilinipasa nami nifurahi. Lakini nilichosikia ni wiki mbili zaidi ambazo jicho litakaa bila mlinzi. Nikamwomba tubaki kwenye nne. Alitikisa kichwa kwa upole, akaandika sita.