Mikia ya Kiingereza Niliyoishona Mwenyewe

Hapa Gisenyi, suti nyingi unazoziona harusini nimezikata mimi. Sijisifu, uliza tu. Niliishia darasa la nne huko Karagwe, nikarudi Rwanda na wazazi, nikaanza na cherehani ya kuazima. Leo ninazo sita, zote zangu. Sasa mtu kama mimi kumwogopa mwanamke mmoja mwembamba mwenye chaki, ilikuwa aibu kweli.

Alikuwa mwalimu, amekulia Uganda, na kila jioni alifundisha watu wazima Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa. Nilijiandikisha nikidai nataka kuongea na watalii. Uongo mtupu. Mke wangu alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na nilitaka mwalimu ajue kwamba niko peke yangu na kwamba namtaka yeye. Lakini kila nilipoisogelea meza yake, ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa.

Siku moja akatufundisha mikia ya maneno. Aliandika care. Akaongeza ful, mtu akawa mwangalifu. Akafuta, akaweka less, mtu yuleyule akawa mzembe. Wenzangu, akina mama wanaovusha nyanya kwenda Goma, waliguna. Mimi nilikaribia kucheka kwa furaha, maana hayo nimeyajua ujana wangu wote: mwili wa koti ni uleule, ukibadilisha kola na pindo limekuwa la padri au la mhudumu wa hoteli.

Kesho yake nilikata vitambaa vya kaki. Nikatarizi maneno kwa uzi mwekundu, herufi moja moja kutoka daftarini, kisha nikatia vifungo na matundu. Help ilivaa ful, ikavua, ikavaa less, ikavua, ikavaa er. Wenye digrii mji mzima hawajawahi kufikiria kitu kama hicho.

Mwalimu alivifunga na kuvifungua huku akicheka kama msichana. Halafu akasema kila mmoja aje mbele ajieleze kwa neno lenye mkia, hata bila kitambaa. Muuza nyanya mmoja alisema yeye ni trader. Jirani yake akasema yeye ni beautiful, tukapiga makofi mpaka akaona haya.

Ikafika zamu yangu. Mfukoni nilikuwa na kitambaa ambacho sikuwa nimemwonyesha mtu, nilichokishona mafundi wangu walipokwenda kula. Kilikuwa na neno wife. Nikakifunga less mbele ya wote, vidole vikiteleza kwa jasho.

"I am wifeless, teacher."

Kisha yule trader akauliza, "Papa, we ulikuja kusoma ao kutafuta bibi?"

"Yote mawili," nikasema.

"Bon. Mwalimu, mujibu basi. Siye tuko na haraka, watoto hawajakula."

Mwalimu aliinamia daftari lake, akasema somo limekwisha. Akina mama walitoka polepole kuliko siku zote. Nilibaki nikikusanya vitambaa, moyo unakimbia kama cherehani ya umeme.

"Fundi," akasema bila kunitazama, "neno hilo halikuwa kwenye somo."

"Najua, mwalimu. Nimelishona mwenyewe."

"Na ukipata mke, hicho kipande cha less utakipeleka wapi?"

"Nitakitupa ziwani."

"Usitupe, nitakihitaji darasani." Sasa alikuwa anatabasamu. "Jumapili baada ya ibada njoo kwa dada yangu, kule Nyamyumba. Yeye ndiye mkubwa wetu. Vaa vizuri, na umwambie kwa Kinyarwanda ulichoniambia mimi."

Nilitoka. Jua lilikuwa bado lipo. Niliipita karakana yangu bila kuiona, nikasalimia watu nisiowajua, mpaka nikajikuta mpakani, pale Petite Barrière, katikati ya wanawake wenye mabeseni kichwani, na askari mbele yangu ananyoosha mkono.

"Kitambulisho, mzee. Unavuka kwenda Goma?"

"Hapana, afande. Naoa."

Alinitazama juu mpaka chini. "Hongera," akasema. "Lakini toka kwenye foleni, wenzako wanavuka."