Tangazo la Mbuzi wa Ciarunji

Nilitumwa Ishiara kuuliza swali ambalo nilidhani jibu lake nalijua, ndiyo maana niliondoka Nairobi nimenuna. Ofisi yetu hutengeneza matangazo ya redio kwa wakulima na wafugaji, na ndiyo hupanga chanjo zinazotangazwa ziende wapi. Wiki nzima tulikuwa tumetangaza kwamba mbuzi wa Ishiara wangechanjwa dhidi ya homa ya mapafu, bure, kwenye josho la sokoni. Daktari wa mifugo alikaa pale siku tatu na masanduku yake ya barafu, na watu waliokuja wangetosha kwenye benchi moja. Bosi akaniita. "Kawira, enda uulize hao watu ni kwa nini hawarespond."

Sauti iliyo kwenye tangazo lile ni yangu. Mimi ni Mmeru wa Mitunguu, na nililisoma kwa Kimeru cha kwetu. Watu wa Ishiara ni Wambeere, nao pia ni wa upande wa Mlima Kenya, lakini wana lugha yao. Siku ya kurekodi nilisema hivyo, bosi akanijibu, "Mlima ni mlima, mtaelewana." Ningebisha. Badala yake nilivaa hedifoni nikasoma, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na nilitaka kwenda nyumbani. Kwa hiyo hasira niliyopanda nayo gari Jumatatu, nusu yake nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe.

Saa tano asubuhi nilikuwa Embu mjini, kwenye kituo cha redio kilichopeperusha tangazo letu. Mtangazaji wa pale anaitwa Njeru, mtu mpole anayeongea polepole hata akiwa hayuko hewani. Nilimuuliza kama hakuona ajabu kuwasomea Wambeere Kimeru.

"Madam, niliona," akasema. "Lakini kitu ikitoka Nairobi inakuja kama imemalizika. Sisi tunabonyeza tu. Hata mngetuma Kichina tungebonyeza."

"Na mliipiga saa ngapi?"

"Vile mliandika. Saa nne, saa sita, saa tisa."

Saa nne, saa sita, saa tisa. Msimu wa kuvuna ndengu! Hakuna mtu mwenye akili timamu Ishiara aliyekuwa nyumbani saa hizo, ila kuku. Saa hizo zilichaguliwa na sisi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Jioni hiyo nililala Embu, na Jumanne saa tatu asubuhi nikashuka Ishiara. Joto lilikuwa limeshakaa. Daktari Mugendi, yule wa mifugo, alikuwa ameketi joshoni chini ya bati akipangusa sindano ambazo hazijatumika. Akaniambia wazi kwamba ana hadi Alhamisi saa nane mchana. Baada ya hapo chanjo inavuka kwenda Tharaka, na barafu haingoji mtu. Kisha akanielekeza kwa mwanamke ambaye angenieleza mambo kuliko yeye.

Saa nne na nusu nilifika kwa Ciarunji, ambaye majirani humwita Cucu, yaani nyanya, ingawa bado hubeba gunia la ndengu mgongoni. Alikuwa akipiga maganda ya ndengu kwa fimbo, na hakuacha. Nyuma yake kulikuwa na zizi la miti lililojengwa kwa mbuzi wengi. Ndani walisimama saba. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa kukohoa, wengine katika juma lile lile ambalo chanjo ilikuwa joshoni, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake.

"Hizo mbuzi ndio zilisomesha watoto wangu wanne," alisema. "Hizi saba zikienda, mimi nimebaki na fimbo."

Nikamuuliza kama alisikia tangazo.

"Nilisikia. Si ni ule msichana wa Meru anaongea na kinanda? Nikafikiri anauza sabuni."

Uso uliniwaka. Hata hivyo nilifurahi kidogo, kwa ubaya, maana nilipata nilichokuja kuchukua. Nikamwambia, "Pole, Cucu. Ni makosa yetu. Tungesema kwa Kimbeere."

Hapo ndipo aliacha kupiga ndengu. "Kimeru nasikia. Nimeuza ndengu mpaka Chuka miaka mingi. Kimbeere ingekuwa mzuri, si nakataa. Lakini huyo msichana hakusema ni wa nani! Ametumwa na nani? Ni mbuzi ya nani imekufa, na wapi? Mtu akikuja kwako, hajakusalimia, hajasema ni mtoto wa nani, anaanza kuimba ati leta mbuzi. Utampelekea?"

Nilikuwa nimebeba jibu langu kutoka Nairobi, na kumbe lilikuwa nusu jibu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: tuliwapelekea watu lugha isiyo yao, na ndani ya lugha hiyo hatukuwa hata na adabu.

"Sasa, Cucu, ni nini unasikiliza kwa redio?"

"Vifo," akajibu, kana kwamba nimemuuliza kama hula.

Kila mtu aliyelelewa huku anajua saa hiyo, hata mimi, na sijui niliisahau vipi. Saa moja jioni redio za lugha za nyumbani husoma matangazo ya vifo. Husomwa jina la marehemu, mwana wa nani, mume wa nani, ndugu wa nani wa wapi, shemeji wa nani, na mikutano ya mazishi ni nyumbani kwa nani. Watu hunyamaza. Hata kwenye baa muziki huzimwa. Unasikiliza mpaka jina la mwisho kwa sababu hujui ni wapi utatajiwa mtu wako. Baadaye redio huzimwa ili betri isiishe.

Saa sita mchana nilimpigia bosi simu nikiwa nimesimama zizini. Nilimwomba ruhusa turekodi upya, kwa Kimbeere, kwa sauti ya Ciarunji, tuiweke saa moja jioni. Aliniuliza Wambeere ni wangapi. Nikamwambia sijawahesabu. Akasema niandike kwanza kwa Kiingereza, ipitishwe, itafsiriwe, itafsiriwe tena kurudi Kiingereza ili ihakikishwe, na wiki ijayo tutaona. Nikamkumbusha kuhusu Alhamisi. "Kawira, kuna process," akasema. Nilitamani kuitupa ile simu kwa mbuzi.

Ciarunji alikuwa amesikiliza yote. Akauliza, "Kwani kutangaza kifo pia ni lazima Kiingereza?"

Wazo lilikuwa lake, kwa hiyo lawama pia tuligawana. Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa tumeketi kwa naibu wa chifu, kwa sababu kituo hakisomi kifo chochote bila barua yenye muhuri wa utawala. Sheria hiyo iliwekwa baada ya watu kutangaziwa jamaa zao walio hai. Naibu wa chifu alisoma karatasi yetu mara mbili.

"Mnataka nithibitishe kifo ya mbuzi."

"Mbuzi kumi na moja," Ciarunji akamwambia. "Na yako mbili, Naibu. Nimeandika pia."

Mwanamume yule alicheka mpaka akavua kofia. Alipomaliza kucheka alipiga muhuri.

Saa saba mchana nilikuwa tena Embu, na barua mkononi na sauti ya Cucu kwenye simu yangu. Njeru alikataa. Alisema saa ile ni ya wafu, si ya mchezo, na kama angeicheza watu wangemtusi mpaka nyumbani kwake. Alikuwa na haki. Nikamwomba asikilize tu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akarudia, kisha akasema ataiweka mwisho, baada ya watu wote, na yeye mwenyewe ataeleza kwamba sasa ni tangazo la mifugo, asidanganywe mtu. Hilo lilitutosha.

Saa moja jioni nilikuwa nimerudi Ishiara, kwenye duka moja la sokoni ambako mwenye duka huongeza sauti ya redio watu wasikie hadi nje. Walisomwa marehemu watatu. Njeru akatoa maelezo yake. Kisha Ciarunji akaingia kwa Kimbeere, bila kinanda, na maneno yake kwa Kiswahili ni haya:

"Ni mimi Ciarunji, mke wa Njagi, wa Ishiara, nyumba ya juu ya josho. Ninatangaza vifo vya mbuzi wangu kumi na mmoja. Muturi wa Ngari wa Kanyuambora amepoteza sita. Naibu wa chifu amepoteza wawili, na barua amepiga muhuri yeye. Wote walikohoa. Wameacha wenzao ambao bado wanasimama. Dawa iko joshoni na daktari ni Mugendi, nimemwona kwa macho yangu. Mkutano ni kesho asubuhi. Asiyekuja atakuja kutangaza wake."

Dukani mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, mpaka mzee aliyekuwa ameegemea mlango akauliza kwa ukali, "Mnacheka nini? Amesema kesho saa ngapi?" Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi njia zote za kwenda joshoni zilikuwa vumbi na milio. Walikuja kutoka hata upande wa Siakago. Daktari Mugendi alichanja bila kuketi. Naye Ciarunji alikuwa mbele ya foleni na mbuzi wake saba, kisha hakuwa mbele tena, kwa sababu kila aliyefika alitaka kumpa mkono na kumwambia pole. Wengine walitania, wengi hawakutania. Desturi haikubali mtu mwenye msiba ageuze mgongo apewapo pole. Alisalimia kila mtu, foleni ikampita.

Saa tano chanjo iliisha. Si kwamba muda ulifika, bali dawa yenyewe ndiyo iliyoisha. Yalipaswa kuwa masanduku matatu, lakini Jumanne jioni ofisi yetu ilikuwa imeagiza mawili yapelekwe kwingine, kwa kuwa takwimu zilionyesha watu wa Ishiara hawana hamu. Jumanne jioni! Saa chache baada ya mimi kumpigia bosi simu. Nilitukana kwa Kimeru, mbele ya watu, na wote walielewa vizuri sana.

Mbuzi saba wa Ciarunji walikuwa bado wamefungwa kamba moja, hawajachanjwa. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Aliniuliza tu, "Huko kwenu Nairobi, hao watu wanasikilizaga saa ngapi?"

Mchana huo nilishika barabara ya chini, Kathwana, Chiakariga, hadi kwetu Mitunguu, kwenye mifereji na migomba. Sikuwa na kazi huko. Nilitaka tu kumwona mama. Alinipakulia ndizi za kuchemsha, nikamuuliza kama tangazo langu lilimfikia.

"Nilikusikia!" akasema kwa furaha. "Hata niliita majirani, nikawaambia huyo ni Kawira wangu."

"Na nilisema nini?"

Alifikiri. "Ulisema vizuri," akajibu.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na baadhi yake hayakuwa ya kicheko. Hata kwa Kimeru, hata kwa mama yangu mzazi, sikuwa nimesema kitu. Lugha ya nyumbani si kanzu ya kuvalisha maneno ya ofisini. Inakuja na saa yake, na salamu yake, na swali lake la kwanza, wewe ni wa nani. Ukiyaacha hayo umebeba ganda, na ndengu umeziacha shambani.

Jumatatu saa nne nilikuwa kwenye mkutano Nairobi. Bosi alikuwa ameshasikia habari za foleni na alikuwa na furaha. Alisema sauti ya yule mama itafsiriwe Kiingereza, kisha niisome mimi kwa Kimeru, itumike mlima wote. Kisha akaniomba ripoti, kwa dakika mbili.

Nilisimama. "Mimi ni Kawira, binti wa M'Ikiara wa Mitunguu," nikaanza. "Nimetumwa na Ciarunji, mke wa Njagi wa Ishiara, mwenye mbuzi saba ambao hawajachanjwa."

"Tunakujua, Kawira," akasema. "Unaweza kufupisha?"

Nikamwambia hapana, nikaanza tena mwanzo.

Jumatano ya wiki iliyofuata sanduku moja la barafu lilirudi Ishiara. Jioni, saa moja na dakika chache, vifo vikiwa vimekwisha kusomwa, simu yangu ililia. Alianza kana kwamba simjui: ni Ciarunji, mke wa Njagi, wa nyumba ya juu ya josho. Mbuzi sita wamechanjwa. Wa saba, akasema, nimtangaze.