Kitunguu Saumu Cheupe

Fundi cherehani huyu ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa kumsifu. Akishona hubana pini midomoni, na hata kinywa kikiwa kimejaa pini bado atakubishia. Mwaka juzi, akipinda upindo wa gauni la bibi harusi, aliona tone la damu kwenye kitambaa cheupe. Pini ilikuwa imemchoma mdomo, naye hakusikia chochote. Asubuhi hiyo alikuwa amekula kome aliowaokota mwenyewe ufukweni. Kufika adhuhuri vidole vimekufa ganzi, miguu haimtii, na hospitalini alipumua kwa mashine.

Alipona. Daktari akamweleza kwamba kome hula vijimea vya baharini, na vijimea hivyo kuna wakati huwa na sumu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Tangu hapo haokoti hata mmoja kabla ya kuuliza ofisi ya uvuvi kama ufukwe ni salama.

Jumapili iliyopita alipita kwenye kibao chekundu kinachokataza kuokota kome ufukweni pao, akaenda zake kwa dada yake mkubwa, yule aliyemlea. Akakuta sufuria ya kome mezani, wajukuu wameizunguka na vijiko vyao.

"Dada, hawa wametoka wapi?"

"Pale pale petu. Usianze! Nimewachemsha mpaka basi, na kitunguu saumu nimetia. Wangekuwa na sumu kingegeuka cheusi. Si unakiona, cheupe pe!"

"Hata siku niliyougua mimi kilikuwa cheupe."

"Wewe uliokota wabovu. Kaa ule, usiniaibishe mbele ya wajukuu."

Angeweza kunyamaza. Dada huyo ni mama kwake, na akinuna hununa mwaka mzima. Lakini mjukuu mdogo alikuwa ameshachovya kijiko. Fundi akampokonya, akainyakua sufuria ikiwa ya moto vile vile, akatoka nayo mpaka shimo la taka akaimwaga yote, kome na mchuzi wao.

Dada akafoka. "Utaniomba radhi! Leo hii, mbele ya hawa hawa!"

Fundi akaiweka sufuria tupu mezani, viganja vinamwaka.

"Nitakuomba, dada, na magoti nitapiga. Ila kesho asubuhi. Na nikibisha hodi, nataka mniitikie wote."