Sigara ya Msibani

Mpaka leo nakumbuka siku ambayo mama mkwe wangu alikatisha katikati ya wanaume waliokaa msibani, akaja kusimama mbele yangu. Mwanangu, ninyi mliokulia mjini huenda msione ajabu yake. Zamani zetu huku Usukumani mtu na mama mkwe wake hawakuzoeana. Mkikutana njiani mmoja anapisha, mnasalimiana macho yakiwa chini, na akiwa na neno na wewe analipitisha kwa mke wako. Tangu nimuoe Kabula, mimi na mama yake tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Sasa siku hiyo mama wa watu akaziweka kando adabu zote, mbele ya ukoo mzima, na tulikuwa tumetoka kumzika baba yangu asubuhi ileile.

Ngoja nikueleze kilichomleta.

Mimi nilianza kuvuta nikiwa mchungaji wa ng'ombe kule Mwamanyili, tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, na nilipooa nilikuwa nafuka moshi kama tanuri la matofali. Kisha akazaliwa binti yetu wa kwanza, Minza. Kifua chake kilikuwa kinabana. Akicheza kidogo tu anakaa chini, mabega yanapanda na kushuka, anaitafuta hewa na haimtoshi. Ukimwona mtoto wako hivyo hutasahau. Tulimpeleka zahanati, na mganga alipomaliza kumpima alininusa shati, akasema, "Dawa nitakupa, baba. Lakini ukiendelea kumvutia sigara humo ndani utamrudisha hapa, na siku moja utachelewa."

Nikaacha. Nilikuwa mkali siku zile, hata jogoo niligombana naye. Lakini mwaka ule pamba ilikubali, mahindi yalikuwepo, ng'ombe walikuwa wamenona, na mtu akiwa ameshiba na ana furaha kuacha kitu si kazi kubwa sana. Minza akaanza kukimbiza kuku uani. Nikajiona mwanaume kweli, nikawa nawahubiria wenzangu mpaka wakawa wananikimbia.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Pamba ilichipua ikanyauka. Ng'ombe walidhoofu hata kusimama hawawezi. Kila asubuhi tulikuwa tunawainua, mmoja anashika pembe, mwingine mkia, na unayemwinua leo kesho unamkuta amelala moja kwa moja. Baba yangu alikuwa anawajua ng'ombe wake kwa majina. Kila aliyeanguka aliondoka na kipande cha mzee. Akaugua, hakukaa sana, akafa.

Basi tukawa tumekaa nje wanaume, kwenye magogo, kama kawaida ya msiba. Na kawaida ya msiba wetu unaijua: tumbaku haikosekani. Mfiwa huletewa sigara kama anavyoletewa pole. Mimi nilikuwa nimekaa kama gunia, sisikii, sioni. Baba mdogo Maduhu, mdogo wake marehemu, akawasha sigara yake, akavuta mara moja, akanipa.

"Shika, mwanangu," akasema. "Baba yako ameondoka. Mwanaume halii ovyo. Vuta, itakushikilia."

Maneno yale hakuyasema kwa ubaya. Naye alikuwa amefiwa, na hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipa. Nami ningeurudishaje mkono wa baba mdogo siku ya kumzika baba? Nikapokea. Nitakwambia ukweli, mwanangu, sikuipokea kwa heshima peke yake. Harufu ile iliponifikia mwili wangu wote uliitika. Nikaipeleka mdomoni.

Ndipo nikaona miguu yenye vumbi mbele yangu, na kitenge. Nikainua macho nikaona mama mkwe, nikayashusha haraka.

"Baba Minza," akasema, si kwa sauti kubwa. "Msimu uliopita nilikuja hapa, nyumba yako imejaa pamba mpaka darini. Mgeni akija na sigara, ulikuwa unamwambia nini?"

Kila mkulima wa pamba anajua jibu. Pamba ikiwa ndani, moto hausogezwi. Hata awe mwenyekiti wa kijiji, sigara anaizima kule nje ya ua, na hakuna anayenuna.

"Nilimwambia azime, mayu," nikajibu. Hiyo ni mama, kwa Kisukuma chetu.

"Sasa ndani amelala Minza. Yeye thamani yake haifikii pamba?"

Nilisikia aibu, acha tu. Nikaisaga ile sigara chini kwa kisigino. Nikadhani atageuka aende zake, kumbe hakuwa amemaliza. Akachuchumaa pale, mbele ya wanaume wote, mtu ambaye hajawahi kunikaribia, akaniambia taratibu, "Baba yako amekufa. Lia."

Nikalia, mwanangu. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea mnadani. Nilimlilia baba, nikawalilia na ng'ombe, nikaililia na mvua. Baba mdogo Maduhu alinuna, akaenda kukaa gogo la mbali, na alikaa na hasira na mimi muda mrefu. Mama mkwe naye alirudi kwa wanawake, na tangu hapo tukaendelea na salamu zetu za macho chini kama vile hakuna kilichotokea.

Usidhani hamu iliishia pale. Ukame uliendelea, na shida ikizidi hamu nayo inaamka. Nilichojifunza ni kutokaa nayo peke yangu. Ikinijia namwambia Kabula, "Imekuja." Tu. Yeye ananipa michembe, vile vipande vikavu vya viazi, vigumu kama kokoto. Natafuna, taya linauma, huku ananiuliza, "Leo kimekuumiza nini?" Mara nyingine nilimjibu kwa hasira, mara nyingine nilimjibu vizuri. Nikimaliza kutafuna na kuongea, hamu imeshapita. Mvua ilirudi, ng'ombe wachache waliobaki wakazaa, nami sikuwa nimevuta. Na huyo Minza, sasa ni mwalimu kule Lagangabilili. Anafundisha kwa sauti hiyo, wapita njia wanajifunza bure.

Nakusimulia haya wewe, Shija, mtoto wa jirani yangu niliyekuona ukizaliwa, kwa sababu juzi nilikuona hapa Somanda, nje ya duka, umeshika sigara hujaiwasha. Najua uliacha, na ulivyohangaika kuacha. Najua pia mama yako amelazwa hapo hospitali, na pamba yako mwaka huu imekauka. Uliponiona uliificha mfukoni, nami nikajifanya sijaona, nikakuuliza habari za mgonjwa. Nilikosea. Mama mkwe wangu asingepita hivyo. Ndiyo maana leo nimekuita ukae hapa.

Sikiliza, mwanangu. Sigara haimponyi mama, wala haileti mvua. Itakupa dakika chache za kusahau, kisha itakudai kila siku, nawe shida zako zitakuwa palepale. Usingoje mambo yatulie ndipo ujilinde. Siku ngumu ndiyo siku ya kujilinda. Mtu akikunyooshea kwa huruma, mshukuru huruma yake na umrudishie sigara yake. Hamu ikikujia, mwambie mtu, mkeo, rafiki yako, hata hao madaktari wa hapo hospitali, hawatakucheka. Na ukiumia, lia. Ukiteleza siku moja, usiseme basi nimeshaharibika. Zima, uanze tena siku hiyohiyo. Na kama huna wa kumwambia, mlango wangu unaujua. Njoo hata mara kumi kwa siku, michembe ipo, na meno yako bado ni mazima.

Mungu amnyanyue mama yako. Akushushie mvua kwa wakati wake, na watoto wako wakukimbilie ukirudi nyumbani wakuvamie kifuani bila kukohoa. Haya, nenda sasa, muda wa kuona wagonjwa umefika. Mama akikukumbatia, akute harufu ya mwanawe.